Jirani Aliye Mbali: Vyama vya Wakuza Waridi na Sisi wa Tshopo

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kisangani



Tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, wengi walicheka. Waridi, Kisangani? Wana haki ya kucheka. Mji wetu uko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na ikweta, na mvua yetu haijui kupumzika. Mwaridi hauyawezi maisha hayo. Uupande uani kwako Makiso au Mangobo, majani yataingiwa na madoa meusi ya kuvu, yatapukutika, nawe utabaki unamwagilia kijiti chenye miiba. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma, kwenye baridi ya milimani, wanaustawisha bila taabu kubwa. Sisi tuna haibiskasi na bogenvilia, na siku ya harusi tuna maua ya plastiki, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Basi sikuja kuuza miche. Nimekuja kuzungumza juu ya watu wanaoupanda mmea huo, na namna walivyojifunza kushikana mikono kutoka nchi hadi nchi, hata serikali zao zilipokuwa zikirushiana mabomu. Mkoa wetu wa Tshopo umeipa dunia mimea mikubwa kuliko ua lolote. Lakini wakulima wake hawakuwahi kujiunga na wakulima wa mbali kwa njia hiyo, na kukosa huko kumetugharimu sana. Hilo ndilo dai langu la leo, nanyi mtanihukumu mwishoni.

Mwaka 1968, mjini London, wajumbe wa vyama vya wakuza waridi kutoka nchi chache waliunda shirikisho la dunia. Walikuwamo Waingereza, Wabelgiji, Wamarekani, Waaustralia na watu wa New Zealand. Walikuwamo pia Waromania. Kumbukeni mwaka wenyewe: 1968 ni mwaka ambao vifaru vya Urusi viliingia Prague, na Ulaya ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Mromania wa nchi ya kikomunisti alikaa meza moja na Mwingereza, wakajadili magonjwa ya majani. Walikuwamo pia wajumbe wa Afrika Kusini, ile ya ubaguzi wa rangi, na hapa sitawasifu. Watu wa maua wana kasoro hiyo, ya kuinamia kitalu mpaka wasione uzio uliokizunguka. Ukisoma historia ya bustani usiisome kama historia ya malaika.

Mkutano wao mkuu wa kwanza ulifanyika New Zealand mwaka 1971, na tangu hapo hukutana kila baada ya miaka mitatu hivi, kila mara nchi nyingine. Hupiga kura kuchagua waridi linalopendwa zaidi duniani. Kura hiyo ndiyo huandikwa magazetini, lakini mimi hainisumbui. Kinachonivutia ni kazi ile ya kuchosha isiyopigwa picha, na kazi kubwa kuliko zote ni daftari.

Mwaridi hauzalishwi kwa mbegu ukitaka ufanane na mama yake. Unachukua kijicho cha tawi, unakibebesha kwenye shina la mwaridi mwingine, na unapata mmea uleule. Ni rahisi, na wizi nao ni rahisi hivyohivyo: mtu anachukua tawi moja, anavuka mpaka, analipa jina jipya na kuliuza kama uzao wake. Mnunuzi naye ananunua ua moja mara tatu kwa majina matatu. Kwa hiyo kukawa na daftari moja la dunia nzima. Tangu mwaka 1955 Chama cha Waridi cha Marekani ndicho chenye dhamana ya kuandikisha majina ya aina zote za waridi, awe mzalishaji ni Mjapani, Mjerumani au Mhindi. Tazameni nani anashika kalamu: chama cha wapenzi wa maua, kilichoanza mwaka 1892. Si wizara, wala si Umoja wa Mataifa.

Kazi ya pili ni majaribio. Huko Paris, kwenye bustani ya Bagatelle, tangu mwaka 1907 waridi jipya la nchi yoyote hupandwa ardhini likashindanishwa mbele ya waamuzi wa mataifa mbalimbali. Maneno ya muuzaji hayasaidii kitu pale. Mmea unasimama katika udongo wa mgeni, na udongo wa mgeni hauna upendeleo.

Sasa niwasimulie juu ya waridi moja, kwa sababu bila hilo hoja yangu haisimami.

Karibu na Lyon, Ufaransa, mwaka 1935, kijana aitwaye Francis Meilland, wa ukoo wa wakuza waridi, alichavusha maua yake kama alivyozoea. Kati ya miche iliyotokea mmoja ulitoa maua makubwa ya manjano yenye ncha za pinki, na majani yake yalikuwa ya kijani kizito. Mwaka 1939, vita vikibisha hodi, familia ilituma vijiti vya kubebesha kwa wenzao wa nje: Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha mipaka ikafungwa. Kuna hadithi tamu za ndege ya mwisho na mabalozi waliobeba vijiti mikobani. Hizo nawaachia wasimulizi.

Lililo wazi ni hili. Wakati Ufaransa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, waridi moja lilikuwa likikua katika nchi zilizokuwa zikiuana, mikononi mwa wakulima waliofahamiana kwa barua. Wafaransa waliliita Madame A. Meilland, kwa kumbukumbu ya mama yake Francis. Wajerumani waliliita Gloria Dei, Waitalia Gioia. Huko Marekani mkuza miche Robert Pyle aliliongeza miaka yote ya vita, na tarehe 29 Aprili 1945, huko Pasadena, California, likatangazwa kwa jina la Peace, yaani Amani. Muda mfupi baadaye, wakuu wa ujumbe waliokusanyika San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walikuta kila mmoja amewekewa ua moja la waridi hilo chumbani. Mwaka 1976 shirikisho la dunia lililipa heshima ya kwanza kabisa katika orodha yake.

Watu hupenda kumalizia hapo, wakafuta machozi. Mimi naendelea kidogo. Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaunguruma, waridi hilo lilipata hataza Marekani, nchi iliyokuwa na sheria ya hataza za mimea tangu 1930. Baada ya vita jasho la akina Meilland lililipwa. Francis mwenyewe alipigania haki za wazalishaji mpaka alipofariki mwaka 1958, na mwaka 1961 ukatiwa saini huko Paris mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Kwa hiyo msidhani ule ulikuwa ukarimu mtupu. Kila mmoja alijua atakachopata na atakachowajibika. Mimi huamini zaidi urafiki wa namna hiyo kuliko ule wa hotuba.

Vyama navyo hufa, hilo nalikubali. Chama cha Kifalme cha Waridi cha Uingereza kilizaliwa mwaka 1876 na kilifungwa mwaka 2017 kwa kukosa fedha. Umri wa miaka 141 haukukiokoa. Lakini aina zilizokuwa bustanini mwake hazikutoweka duniani, kwa kuwa zilikuwa zimeshagawiwa kwa wengine. Huko Sangerhausen, Ujerumani, kuna bustani iliyofunguliwa mwaka 1903 yenye aina zaidi ya 8,000. Imepita vita viwili vya dunia, ikapita utawala wa Hitler na ule wa kikomunisti. Aina ikipotea kwingine, watu huenda kuiulizia huko.

Msinichanganyie jambo hili na biashara ya Naivasha. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mawaridi kwa Ulaya. Maua hukatwa asubuhi kando ya ziwa, karibu mita 1,900 juu ya bahari, hupakiwa ndege Nairobi, na mengi hupita kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Kenya imo katika ule mkataba wa Paris wa kulinda aina mpya za mimea tangu 1999, na mashamba yake hulipa ada kwa wazalishaji, wengi wao wa Ulaya. Ni kazi kubwa, imeajiri maelfu ya watu, na mabishano juu ya maji ya ziwa na mishahara hayajaisha. Lakini ile ni safari ya mzigo kwenda kwa mnunuzi. Mimi nazungumzia mkulima na mkulima. Na kwa wale wanaodhani waridi ni la Wazungu peke yao: upo mwaridi wa porini wenye maua meupe katika milima ya Ethiopia, Rosa abyssinica. Mawaridi yanayochanua mwaka mzima, yale yanayojaza masoko leo, yana damu ya miwaridi ya China iliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Ulaya ilikopa kwanza, ndipo ikauza.

Sasa turudi mtoni kwetu, kwenye ile mimea tuliyoipa dunia.

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa kutu ya majani, uliojitokeza Ceylon mwaka 1869, uliangamiza mibuni ya arabika kisiwani Java. Waholanzi, watawala wa kisiwa hicho, walihangaika kutafuta mbuni mwingine. Walioupata hawakuwa watu wa kahawa. Kampuni moja ya Brussels, ya ukoo wa Linden, iliyojipatia jina kwa kuuza okidi na mimea ya mapambo kwa matajiri, ilipokea mbegu za kahawa kutoka Kongo, upande wa Lomami. Iliuita mmea huo robusta, na mwaka 1901 miche kama 150 ikatua Java. Ikastahimili. Leo zaidi ya theluthi moja ya kahawa inayonywewa duniani ni robusta, na Vietnam ndiyo inayoongoza kuizalisha. Muuza maua alibeba kahawa yetu mpaka Asia. Hakuna mkulima wa Lomami aliyeandikwa katika daftari lolote.

Kisha mchikichi. Mwaka 1922 mbegu zilichumwa katika bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, zikiwemo za mchikichi mmoja maarufu ulioitwa Djongo, zikapandwa Yangambi. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, na Yangambi, kilomita mia moja hivi kutoka hapa tukishuka na mto, ikawa makao yake makuu ya utafiti. Hapo ndipo Beirnaert na Vanderweyen walipofumbua fumbo la tunda la mchikichi. Ipo michikichi ambayo kokwa lake lina ganda nene, na ipo isiyo na ganda, ambayo mara nyingi haizai. Maandishi yao ya mwaka 1941 yalionyesha kwamba ukichavusha aina hizo mbili kwa pamoja unapata watoto wote wenye ganda jembamba na nyama nyingi, na mafuta yanazidi yale ya mzazi mwenye ganda nene kwa asilimia 30 hivi. Mashamba ya Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya ugunduzi huo. Jina la Yangambi limo mpaka leo katika vitabu vya uzazi wa michikichi huko Asia. Nasi hapa, siku nyingine, mama akikosa mawese ya Isangi, ananunua mafuta ya chupa yaliyosafiri bahari.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Kuna mgomba uitwao Yangambi Km 5, jina la mahali ulipokusanywa, kilomita tano kutoka kituoni. Ndizi zake ni ndogo, tamu, na mgomba wenyewe ni jasiri: unahimili mnyauko wa kuvu na ule ugonjwa wa madoa meusi unaokausha majani. Uko katika hazina ya migomba ya dunia huko Leuven, Ubelgiji, na kutoka huko umegawiwa nchi nyingi. Mkoani Kagera, Tanzania, migomba ya asili ilipokuwa inadhoofika, mradi ulioanza mwaka 1997 uligawa miche ya aina mpya kwa wakulima, na Yangambi Km 5 ilikuwa mojawapo. Fikirini njia hiyo: kutoka Yangambi hadi Leuven, kutoka Leuven hadi Bukoba, huko Kagera. Kati yetu na Bukoba kuna msitu, milima na ziwa, na watu wa pande zote mbili wanaelewana kwa Kiswahili. Lakini mgomba ulilazimika kupitia Ubelgiji ndipo ufike kwa jirani.

Sitaki kudharau njia ya Leuven. Ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ugonjwa. Chipukizi la mgomba hubeba kila kitu: minyoo, bakteria, virusi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, palepale Yangambi, uligunduliwa ugonjwa wa virusi unaodumaza mgomba na kuyabananisha majani yake kileleni, na tangu hapo umezagaa Afrika ya Kati. Miche ya maabara huwa imepimwa. Anayesema tuchukue chipukizi tu, tufunge kwenye toleka, baiskeli ya abiria, tupeleke kwa rafiki Isiro, huyo anapanga msiba.

Na magonjwa ndiyo ninayoyataja ninapoulizwa kukosa ushirikiano kumetugharimu nini. Mnyauko wa kahawa ulionekana kwanza mwaka 1927 upande wa Ubangi, ng'ambo ya pili. Ukaua mibuni Afrika ya Kati na Magharibi mpaka miaka ya 1950, ulipodhibitiwa kwa kung'oa na kuchoma mibuni migonjwa na kwa aina stahimilivu zilizochaguliwa Yangambi na kwingineko. Watu wakadhani umekwisha. Kisha ukarudi kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, pande za Aketi na Isiro, katika miaka ile ambayo vituo vya utafiti havikuwa na petroli wala mishahara. Wakulima wa huko waliuona, maana hakuna mkulima asiyeona mbuni wake ukikauka. Lakini wamwambie nani? Hapakuwa na chama chao chenye mwenzake upande wa Uganda. Mwaka 1993 ugonjwa ukatambuliwa Bundibugyo, ukaenea Uganda na kuangamiza sehemu kubwa ya robusta. Mpango wa pamoja wa nchi kadhaa ulianza mwaka 2000 na kwenda mpaka 2007, nao Waganda hatimaye wakatoa aina saba stahimilivu. Kazi nzuri, iliyoanza miaka saba baada ya moto kuvuka mto.

Mnaona tofauti? INEAC ilikuwa mashine kubwa kuliko chama chochote cha waridi. Lakini ilishikiliwa na msumari mmoja, dola ya kikoloni, na msumari ulipong'oka mashine yote ilianguka. Wataalamu waliondoka baada ya 1960, zikaja vurugu za 1964, na taasisi mrithi, INERA, iliyoundwa mwaka 1970 ilirithi majengo mengi na fedha kidogo. Mwaka 2000 majeshi ya nchi mbili jirani yalipigana siku sita ndani ya mji huu, wala sina haja ya kuwaambia ninyi. Hebario ya Yangambi, yenye mimea iliyokaushwa kama 150,000, ilinusurika kwa sababu wafanyakazi wachache walikataa kuiacha, wakiwa hawana mishahara. Nawavulia kofia. Lakini nchi haiwezi kuuita ushujaa wa watu wachache kuwa ni mpango. Leo bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, inasaidia kuipiga picha mimea hiyo iliyokaushwa, na mnara wa mita 55 umesimama msituni kupima hewa ya ukaa. Ni mema. Lakini yote ni taasisi kwa taasisi. Mkulima wa Yahuma yuko wapi katika mazungumzo hayo?

Najua mtakayoniambia, kwa sababu nami huyasikia. Kwamba vyama tunavyo tele. Ni kweli, barabara nzima ya Makiso ina vibao vya vyama. Lakini vingi vilizaliwa siku mfadhili alipofika kwa ndege na vikafa siku alipopanda ndege kurudi. Vina rais, makamu wa rais, mweka hazina na muhuri. Mimea havina. Chama cha waridi kina kasoro zake nyingi, majivuno yakiwa ya kwanza, lakini mwanachama wake huanza na mmea uani kwake na hulipa ada kwa mfuko wake. Ndiyo maana kiliweza kuvuka vita.

Mtasema pia kwamba wale ni watu wenye nafasi, wanaolima kwa raha, na sisi tunalima tule. Hilo ni kweli zaidi, na silikwepi. Mama anayepanda mihogo Lubunga hana muda wa kongamano. Lakini tazameni huyu mama ana nini. Anajua aina tano, kumi za makemba, zile ndizi za kupika, anajua ipi huzaa haraka, ipi hukaa njiani siku nyingi kwenye mtumbwi bila kuoza, ipi huanguka kwa upepo. Aina iitwayo Libanga Likale anaijua kwa kuitazama shina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekusanya aina nyingi sana za makemba wakazipanda na kuzieleza, na walizipata wapi kama si kwa akina mama hawa? Mwenye maarifa hayo hahitaji kufundishwa ushirikiano. Anahitaji kuandikwa jina.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Daftari la makemba na ndizi za Tshopo, litunzwe na wakulima wenyewe: jina la aina, kijiji, nani aliipata kwa nani, inavyozaa, ugonjwa unaoiuma. Nakala moja ikae chuoni, nyingine kwa wakulima, ya tatu nje ya mkoa, maana tumeona yaliyoupata mji huu. Kisha tuandike barua, kwa Kiswahili, kwa wakulima wa Kagera ambao wamekaa na Yangambi Km 5 miaka zaidi ya ishirini: inawafaaje, wameipika vipi, imewaangusha wapi. Tuwaandikie na wa Bundibugyo juu ya kahawa. Barua haibebi virusi. Miche ije baadaye, kwa njia ya maabara na kwa vibali, na watakaotaka kutoza ada kwa aina zao tuwasikilize bila kununa. Mwaka wa kwanza tusimwombe mtu fedha. Daftari ni bei ya chupa mbili za bia.

Wanaotaka kuandikisha aina zao wabaki baada ya maswali, tutaanza hapahapa. Waje na majina na mahali. Wale wa Ubundu na Opala walioleta machipukizi kwenye magunia, nawaomba sana wasiyaache mjini. Wayarudishe shambani yalikotoka.